Allidina Visram: Alibadili bidhaa, hakubadili njia

Kila msimu wa mavuno unapokwisha katika wilaya za Mbulu na Hanang, swali linalosikika minadani ni lile lile: mwaka huu tuingie kwenye nini? Aliyekosa bei ya vitunguu saumu anataka kuhamia kwenye mbaazi, aliyeumizwa na mbaazi anaulizia alizeti, na aliyeuza ng'ombe wawili Katesh amesikia kwamba siku hizi hela iko kwenye hisa. Mbaazi zilitupa somo ambalo wengi hawajalisahau. Baada ya bei nzuri ya mwaka 2015 na 2016, mashamba yaliongezwa na wachuuzi wakakopa ili kujaza maghala. Agosti 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa, ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo kwa mwaka, na bei ikaporomoka huku gunia likiwa bado ghalani.

Ushauri unaotolewa baada ya hasara za namna hiyo huwa ni kutafuta zao jingine. Mimi nadhani tatizo haliko kwenye zao. Liko kwenye kufanya biashara bila kanuni, yaani kununua kwa sababu jirani amenunua na kuuza kwa sababu jirani ameogopa. Ndiyo maana katika makala haya nimeamua kumweleza mtu mmoja aliyefanya biashara katika Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 50. Alipita katika vita, njaa, kubadilika kwa serikali na kufa kwa njia nzima ya usafirishaji, na bado duka lake halikufungwa. Mtu huyo ni Allidina Visram.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa India, katika jamii ya Waismailia. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12, alipanda jahazi kuja upande huu wa bahari kutafuta maisha. Hakuja na mtaji wala elimu ya kutajika. Alifikia Bagamoyo na kuingia kazini katika nyumba ya biashara ya ukoo wa Sewa Haji Paroo.

Bagamoyo ya wakati ule ndiyo ilikuwa stendi kuu ya bara. Misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilianzia hapo. Mingine ilianzia Pangani na kufika hadi Irangi, jirani kabisa na Hanang yetu, ikitafuta pembe za ndovu. Kazi ya ukoo wa Sewa Haji ilikuwa kuiandaa misafara hiyo: kutafuta wapagazi, kufunga mizigo, kutoa bidhaa kwa mkopo na kusubiri pembe. Hata Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone mwaka 1871, wapagazi wake aliwatafuta kupitia kwa Sewa Haji, na akaondoka akilalamika kwamba kijana yule alimchelewesha na kumkamua fedha.

Inafaa kuielewa biashara hiyo ilivyokwenda, maana ndimo Allidina alimojifunza kila kitu. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Kwenda bara alibeba nguo za amerikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. (Amerikani iliitwa hivyo kwa kuwa awali ilitoka Marekani, jina likabaki hata ilipoanza kutoka Uingereza na India.) Bidhaa hizo tajiri wa Zanzibar alimkopesha mfanyabiashara wa Bagamoyo, naye akamkopesha kiongozi wa msafara, naye akaenda kukopesha bara. Mwaka mzima ungepita, wakati mwingine miwili au zaidi, kabla pembe hazijarudi pwani. Katika muda huo kiongozi angeweza kufa, kuporwa, kutozwa hongo na kila mtemi njiani, au kuamua kutorudi kabisa. Aliyeweka mali yake yote katika msafara mmoja alikuwa anacheza kamari, hata kama aliita biashara.

Mwaka 1877 Allidina alianza kutuma misafara yake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 26 na miaka 14 ya kazi ya watu wengine nyuma yake. Kufikia miaka ya 1890 alikuwa na matawi Saadani, Dar es Salaam na Ujiji. Neno hilo matawi ndilo la kulitazama. Wenzake wengi walituma msafara na kukaa pwani kuutazamia. Yeye alianza kuweka duka kule mzigo ulikokwenda, lenye mtu wake ndani, linalouza nguo na chumvi mwaka mzima na kununua chochote ambacho wenyeji wa pale wanacho: pembe kama zipo, na kama hazipo, nta, asali na nafaka.

Kwa lugha ya uchumi tungesema alihakikisha mzigo unakwenda na kurudi. Wachuuzi wa Haydom na Dongobesh wanalijua hili bila kusoma chuo. Fuso inayoshusha vitunguu Arusha na kurudi na sukari, sabuni na mabati inagawa gharama ya mafuta mara mbili, na ile inayorudi tupu inamla mwenyewe. Mpagazi anayerudi mikono mitupu anakula posho ile ile ya anayebeba pembe. Duka la Allidina lilikuwa dawa ya safari tupu. Nguo zilikwenda, mazao yakarudi, na faida ikapatikana katika ncha zote mbili za njia.

Njia yake, basi, ilikuwa moja tu na fupi kueleza. Fungua duka dogo mahali ambapo mzigo unafika na unaweza kutoka. Uza kinachotakiwa, nunua kinachozalishwa, na faida ya duka hilo itumike kufungua jingine mbele yake. Kila duka ni dogo kiasi kwamba likiungua au mwenye kuliangalia akitoroka, mengine hayatikisiki. Sina hakika kama aliwahi kukaa akaiandika kanuni hiyo popote, na sidhani ilihitajika. Inaonekana katika matendo yake ya miaka 40 iliyofuata.

Jaribio la kwanza lilikuja mwaka 1888, pale wakazi wa pwani chini ya Abushiri bin Salim walipowapinga Wajerumani kwa silaha. Bagamoyo ikawa uwanja wa vita na njia ya misafara ikavurugika. Kisha ikaja sotoka ya miaka ya 1890 iliyomaliza mifugo karibu Afrika Mashariki nzima. Wakaja na watawala wapya wenye ushuru wao na vibali vyao vya kuwinda tembo. Mwaka 1897 Sewa Haji alifariki, akiwa ametoa fedha za kujengea hospitali Dar es Salaam iliyobeba jina lake, ile ambayo kwa kurithishana ndiyo iliyokuja kuwa Muhimbili. Allidina, aliyeingia katika nyumba ile akiwa mtoto, ndiye aliyechukua biashara yake ya misafara.

Kwa hesabu ya kawaida hapo alirithi maiti. Mwaka mmoja kabla, 1896, Waingereza walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, na kila aliyekuwa na macho aliona kwamba garimoshi litamaliza kazi ya mpagazi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Wale ambao biashara yao ilikuwa kukodisha migongo ya watu walibaki na madaftari ya madeni. Allidina hakuwa akiuza migongo ya watu, alikuwa akiuza duka. Kwake reli ilikuwa njia nyingine tu ya kufikisha mzigo, yenye kasi zaidi, na swali lake likabaki lile la Ujiji: mzigo unafika wapi na unaweza kutoka na nini?

Akahamishia nguvu zake kwenye reli. Reli ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India kwa vipindi tofauti, nao walihitaji mchele, unga, samli na dengu porini kusikokuwa na soko. Maduka yake yakaifuata reli, yakiwauzia vyakula wajenzi wake, na reli ilipomalizika yalikuwa tayari yamesimama penye stesheni. Kutoka Kisumu yakavuka ziwa hadi Entebbe, Kampala na Jinja, kisha yakaenda mbali zaidi, kuelekea mpaka wa Kongo na kusini mwa Sudan. Ziwani alikuwa na majahazi yake. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake maduka na mawakala wake walizidi 100, na wapo waliomwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Sasa tazama bidhaa zilizopita katika maduka hayo. Mwanzo zilikuwa pembe. Tembo walipopungua na serikali ilipobana uwindaji, zikaja ngozi za ng'ombe na mbuzi, mpira wa porini, nta, pilipili na ufuta. Mwaka 1903 mbegu za pamba ziligawiwa kwa wakulima wa Uganda, na baada ya miaka michache pamba ikawa zao kuu la nchi ile. Maduka yake yakawa tayari yako vijijini, na mkulima aliyeuza pamba alinunua jembe na kanga pale pale. Katika nusu karne alibadilisha bidhaa mara tano au sita. Namna ya kuzinunua na kuziuza haikubadilika hata mara moja.

Hata viwanda alivyofungua vilikuwa mtoto wa njia hiyo hiyo: kuchambua pamba, kukamua mafuta, kutengeneza sabuni, soda na samani, na kupasua mbao. Mtu akisoma orodha hiyo haraka anaweza kudhani alikuwa akidandia kila kitu. Ukiisoma taratibu utaona kwamba karibu kila kiwanda kilisindika kitu ambacho tayari kilikuwa kinapita mikononi mwake, au kilitengeneza kitu ambacho maduka yake tayari yalikuwa yanakiuza. Hapa ndipo naona tofauti kati yake na sisi. Sisi tunahama kutoka vitunguu kwenda hisa bila daraja lolote katikati.

Jambo jingine lililomsaidia ni kuaminika. Mahali ambapo hakukuwa na benki, hati ya Allidina ilipokewa kama fedha. Ofisa wa serikali au msafiri angeweka rupia zake Mombasa na kuzichukua kwa wakala wake mamia ya maili bara. Huduma hiyo haijengwi kwa msimu mmoja mzuri. Hujengwa kwa kufanya kilichotarajiwa mwaka huu, mwakani na mwaka wa kumi, kiasi kwamba mtu asiyekujua anaweza kukabidhi fedha zake kwa karani wako.

Wapo watakaosema hayo ni ya maduka, na soko la hisa ni jambo jingine. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilifunguliwa Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, na mkulima wa Mbulu amelijua zaidi tangu hisa za NMB zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600 na za CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150. Chukua hizo za CRDB. Zilipanda hadi zaidi ya mara mbili ya bei ile, kisha katika miaka ya 2019 na 2020 zikauzwa chini ya shilingi 150, na baadaye zikapanda tena kupita pale zilipowahi kufika. Aliyenunua kileleni kwa kusikia na kuuza bondeni kwa hofu alipata hasara katika hisa ile ile iliyompa faida jirani yake. Kampuni ilikuwa moja na bei zilikuwa wazi kwa wote, kwa hiyo tofauti ilikuwa katika nidhamu ya mnunuzi.

Mfano wa upande huo ni Jesse Livermore wa Marekani, mtoto wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1877 na kuanza kazi akiwa kijana mdogo kwa kuandika bei za hisa ubaoni mjini Boston. Huyu alikuwa na kipaji ambacho pengine Allidina hakuwa nacho. Alijiwekea kanuni kali: kutosikiliza fununu, kukata hasara mapema, kutoongeza fedha kwenye biashara inayoshuka. Mwaka 1907 soko lilipoanguka alipata mamilioni ya dola. Mwaka uliofuata akamsikiliza mtaalamu mmoja wa pamba, akashikilia pamba iliyokuwa ikishuka huku akiuza ngano iliyokuwa ikimpa faida, na fedha zote zikaenda. Alisimama tena, na katika anguko la 1929 inasemekana alipata dola milioni 100. Mwaka 1934 alitangazwa mufilisi. Mwaka 1940 alichapisha kitabu cha kanuni zake za biashara ya hisa, na mwaka huo huo, mwezi Novemba, akajiua. Kanuni zake zilikuwa nzuri na wafanyabiashara wa hisa wanazisoma mpaka leo. Yeye mwenyewe alishindwa kuzifuata.

Ukiwaweka watu hawa wawili kwenye mizani, kanuni ya Allidina ni ya kawaida sana na ya Livermore ni ya kijanja. Ya kawaida ilifuatwa. Kwa mkulima anayetaka kununua hisa baada ya mavuno, kanuni ya kawaida inaweza kuwa hii: kiasi kile kile cha fedha kila msimu, katika kampuni mbili au tatu ambazo hesabu zake za mwaka amezisoma, fedha ambazo si za mbegu, mbolea wala ada, na sababu ya kuuza iandikwe siku ya kununua. Kwa mchuuzi wa mbaazi: bei ya juu kabisa atakayonunulia, idadi ya magunia ambayo hata yakioza hatauza nyumba, na tarehe ya kuyatoa ghalani hata kama fununu zinasema subiri. Inachosha, na haina hadithi ya kusimulia kilabuni.

Tusimpambe Allidina kupita kiasi. Njia yake ilikuwa na tundu, nalo lilikuwa kwenye mkopo. Mawakala walichukua mali kwa kuaminiana, na aliyewajua, akajua nani anyimwe na nani aongezewe, alikuwa yeye. Alizoea kusafiri mwenyewe kukagua. Katika safari ya namna hiyo Kongo, mwaka 1916, alipatwa na homa, na akafariki Mombasa mwaka huo huo akiwa na umri wa miaka 65. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaendelea, na kati ya Waingereza na Wajerumani njia zake za zamani za Tanganyika zilikuwa zimekatwa.

Biashara ilibaki kwa mwanawe, Abdulrasul. Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya kwa kila nyumba ya biashara. Bei za mazao ziliporomoka duniani kote mwaka 1920 na 1921, na katika muda huo huo fedha ya Kenya na Uganda ilibadilishwa kutoka rupia kwenda florini na kutoka florini kwenda shilingi, jambo lililowavuruga wadai na wadaiwa sawasawa. Madeni ya mawakala waliotawanyika katika nchi nne au tano yalihitaji mtu wa kuyafuata mlango kwa mlango, na mtu huyo alikuwa amezikwa. Abdulrasul alijenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake, ikafunguliwa mwaka 1923, na yeye akafariki mwaka huo huo. Baada ya hapo nyumba ya Allidina Visram haikudumu.

Shule ipo hadi leo, Allidina Visram High School, na sanamu yake iliwekwa mjini Mombasa. Ama maduka, Wahindi wengi waliofungua biashara zao Uganda na Kenya walikuwa wameanza kama makarani na mawakala wake, wakiuza nguo na kununua pamba, ngozi na ufuta kwenye vituo ambavyo yeye ndiye aliyetangulia kuvifikia.